Wissmann: Mtu wa Msafara Aliyepewa Meza ya Gavana

Tarehe 30 Januari 1889 bunge la Ujerumani lilipiga kura na kutoa marki milioni 2. Kwenye karatasi, fedha hizo zilikuwa za kukomesha biashara ya utumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani Afrika Mashariki. Kwa lugha ya sokoni zilikuwa bei ya jeshi. Jeshi hilo lilitakiwa upesi, lisiwe la vijana wa Kijerumani, na liwe na mkubwa mmoja tu. Kansela Bismarck alimchagua kapteni mwenye umri wa miaka 35, Hermann Wissmann, akampa cheo cha Kamishna wa Dola. Agizo lake lilikuwa fupi kuliko barua nyingi za serikali: akashinde. Namna ya kushinda aliachiwa mwenyewe.

Wengi wetu tumelisoma jina lake darasani likiwa mstari mmoja chini ya jina la Abushiri bin Salim. Mstari huo haudanganyi, ila haujibu swali la msingi: kwa nini yeye? Ujerumani ilikuwa na majenerali tele waliopigana na Ufaransa mwaka 1870. Wissmann hakuwa amewahi kuongoza hata kikosi kidogo vitani Ulaya. Alichokuwa nacho, ambacho jenerali yeyote wa Berlin alikikosa, ni ujuzi wa kuendesha msafara: kuajiri watu wasiofahamiana, kuwalisha, kuwalipa, kuwazuia wasitoroke, na kuwafikisha. Vita vya pwani alivipigana kama msafara wenye mizinga. Alipopewa kazi isiyofanana na msafara, mambo yakamwendea kombo.

Alizaliwa tarehe 4 Septemba 1853 huko Frankfurt an der Oder, mtoto wa ofisa wa serikali ya Prussia. Akaingia jeshini mapema, na mwaka 1874 akawa luteni katika kikosi cha Rostock. Hapo alijulikana zaidi kwa vurugu kuliko kwa bidii, na aliwahi kufungwa miezi minne katika ngome ya Magdeburg kwa kupigana na mwenzake ile mipigano ya maafisa ya kutetea heshima. Katika mji huohuo wa Rostock akakutana na Paul Pogge, bwana shamba wa Mecklenburg aliyekwisha kufika hadi makao ya Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda, miaka michache nyuma. Pogge alikuwa anataka kurudi Afrika na alihitaji mwenzi mwenye afya anayejua kupima ramani. Luteni aliyechoshwa na gwaride akaomba ruhusa.

Wakaanzia Luanda, Angola, na Januari 1881 walikuwa Malanje wakitafuta wapagazi. Nia ilikuwa kurudi kwa Mwata Yamvo, lakini njia ya huko ilikuwa na vizuizi, wakageukia kaskazini hadi kwa Wabena Lulua. Kiongozi wao, Kalamba Mukenge, alikuwa ameunda jumuiya iliyofunga undugu kwa kuvuta bangi pamoja. Akaamua kuwasindikiza wageni na watu wake wengi hadi Nyangwe, kwenye mto Lualaba, walikofika Aprili 1882. Pogge na Kalamba wakarudi magharibi, na Wissmann akaendelea mashariki.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya Kijerumani hulipita haraka. Kutoka Luanda hadi Nyangwe Wissmann alikuwa akipapasa njia. Kutoka Nyangwe hadi baharini alikuwa akitembea katika barabara ya watu. Nyangwe ulikuwa mji wa wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu, na mbele yake kulikuwa na vivuko vya Ziwa Tanganyika, kisha Unyamwezi alikokutana na Mirambo, kisha Tabora, kisha njia ya misafara ishukayo pwani. Novemba 1882 akatokea Saadani, na magazeti ya Ulaya yakaandika kwamba amevuka bara kutoka magharibi kwenda mashariki. Nusu ya pili ya sifa hiyo ilikuwa kazi ya virangozi na wanyapara ambao safari hiyo kwao ilikuwa riziki ya kila mwaka.

Ni vizuri kuutazama msafara huo kwa karibu, maana ndio chuo alichosomea. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa karibu kilo 30, yaani chini kidogo ya frasila mbili, ukiacha mkeka, sufuria na posho yake mwenyewe. Mizigo mingi haikuwa chakula. Ilikuwa fedha ya njiani: majora ya merikani na kaniki, ambayo hukatwa doti baada ya doti, mikufu ya shanga, na koili za waya wa shaba. Kosa la mgeni lilikuwa kununua shanga kwa macho yake mwenyewe. Rangi inayopendwa mahali pamoja haitazamwi siku tano mbele, na msafara wenye mizigo 20 ya shanga zilizopitwa na wakati ni msafara wa ombaomba. Kosa la pili ni kulipa hongo kubwa kwa mtemi wa kwanza, kwa kuwa habari hutangulia na bei hupanda hadi mwisho wa njia. La tatu ni kutembea bila kujua maji ya kambi inayofuata yako umbali gani. Mpagazi mwenye kiu hutua mzigo, na akishautua porini usiku, hutamwona tena wala yeye wala mzigo. Wissmann aliyajua haya yote kwa miguu yake.

Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa akijikatia nchi ya Kongo, akamwona. Safari ya pili ilikuwa kwa gharama ya mfalme huyo, mwaka 1883 hadi 1885. Novemba 1884 Wissmann akaanzisha kituo cha Luluaburg katika nchi ya Kalamba, ambacho leo ni mji wa Kananga. Swali lililobaki lilikuwa mto Kasai unaangukia wapi. Wenye ramani Ulaya walidhani unaingia Kongo juu zaidi kuelekea ikweta. Mei 1885 akashuka nao kwa mashua ya chuma iliyobebwa vipandevipande na kundi la mitumbwi, na Julai akatokea Kwamouth, mahali unapoingia Kongo, chini sana kuliko walivyodhani. Kwa Leopold habari hiyo ilimaanisha kwamba meli za moshi zingeweza kupanda kutoka karibu na Stanley Pool, ilipo Kinshasa ya leo, hadi ndani kabisa ya nchi. Yaliyofuata katika Kasai, kuanzia meno ya ndovu hadi mpira, yalipitia mlango huo.

Safari ya tatu, 1886 na 1887, ilimtoa Luluaburg hadi Tanganyika na Nyasa, kisha kwa mto Shire na Zambezi hadi Quelimane, Msumbiji. Njiani alipita kwenye vijiji virefu vya Wabena Eki ambavyo mara ya kwanza alivikuta vimejaa watu. Safari hii vilikuwa magofu, watu wake wamekamatwa au wametawanywa na wavamizi wa biashara ya watumwa. Maelezo yake kuhusu uharibifu huo yaliwafikia wasomaji wengi, na bila hayo sidhani kama jina lake lingetajwa bungeni mwaka 1889.

Sasa turudi pwani ya Mrima. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikodisha pwani yake kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50, hasa forodha. Agosti kampuni ikaja kuchukua kazi. Pangani, mwakilishi wake Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, aliishusha bendera ya Sultani kwa nguvu na kuwadharau wakubwa wa mji. Kabla ya mwisho wa Septemba pwani karibu yote ilikuwa imewatimua, na Kilwa Wajerumani wawili waliuawa. Kaskazini aliongoza Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa Pangani, na Saadani akasimama Bwana Heri bin Juma. Manowari za Ujerumani na Uingereza zilizunguka pwani tangu Desemba, lakini manowari haiwezi kupanda mlima kumfuata mtu. Kampuni ilibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena kwa kinga ya mizinga ya meli.

Kazi ya Wissmann ilianzia Cairo. Baada ya Mahdi kuitwaa Sudani, jeshi la Misri lilikuwa na askari wengi wa Kisudani waliokosa kazi, watu waliokwisha kufunzwa, wanaojua bunduki na nidhamu, wenye wake na watoto wa kulisha. Kwa idhini ya Waingereza akaajiri takribani 600. Luteni Ramsay akatumwa Inhambane, Msumbiji, akaleta karibu 350 walioitwa Wazulu, ingawa kwa asili walikuwa Washangani. Ukiongeza Wasomali wachache, askari wachache wa zamani wa kampuni, na maafisa na masajini wa Kijerumani wapatao 80, umelimaliza jeshi lote. Ni jeshi la watu chini ya 1,200, lililopewa pwani ya zaidi ya kilomita 700.

Angalia hesabu yake. Msudani alilipwa kuliko wote, kwa kuwa alikuja amefunzwa. Mshangani alilipwa kidogo, na ilibidi kwanza afundishwe kushika Mauser ya mfano wa 1871. Bunduki hiyo ilipigwa risasi moja moja, kipenyo milimita 11, na baruti yake ilitoa wingu la moshi mweupe. Katika kichaka cha Mrima, bunduki 50 zikipiga pamoja, mpigaji haoni kitu kwa muda. Kwa hiyo mafunzo yalikuwa ya kupiga kwa zamu na kungoja amri, si kupiga ovyo. Ndiyo maana nidhamu ya Wasudani ilikuwa na thamani kuliko idadi yao. Vyeo vyao walikuja navyo kutoka Misri, vyenye asili ya Kituruki: ombasha, shaush, betshaush, sol, efendi. Jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki likaendelea kuvitumia hadi vita vya 1914. Hata sajini wa Kibavaria alilazimika kujifunza nani ni betshaush.

Alileta pia mizinga midogo inayoweza kufunguliwa na kubebwa, pamoja na bunduki ya rashasha ya Maxim, jamii ya silaha ambazo baadaye watu walikuja kuziita bombomu. Wengi hudhani Maxim ndiyo iliyoamua kila kitu. Si kweli, hasa miaka ile. Maxim hunywa maji: lile bomba linalouzunguka mtutu hujazwa maji kiasi cha lita 4, nayo huchemka na kugeuka mvuke bunduki ikipiga kwa mfululizo. Mkanda wa risasi ukilowa au ukiingia mchanga, hukwama. Na kuitoa mabegani mwa wapagazi, kuifunga, kuilenga, ni kazi ya dakika kadhaa ambazo adui wa porini hakupi. Silaha hiyo hutisha pale adui anapokungoja mahali pamoja.

Na Abushiri alimngoja mahali pamoja. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo kosa lake kubwa la vita. Alijenga boma la magogo lenye handaki karibu na Bagamoyo, ngome nzuri ya kuzuia watu wenye gobore. Juu ya hayo, alikuwa katika suluhu na Admirali Deinhard wa manowari za Ujerumani, wakizungumza. Wissmann alipofika mwisho wa Machi aliikuta suluhu hiyo akaivunja, kwa kuwa askari wake walikuwa wanakula mishahara kila siku na mvua za masika zilikuwa zinakuja. Tarehe 8 Mei 1889 akatoka na askari wake pamoja na mabaharia wapatao 200, wakalizunguka boma pande kadhaa, mizinga ikatangulia kuvunja magogo, kisha Wasudani wakaruka ukuta. Makombora hayaheshimu boma la miti. Kadiri magogo yanavyokuwa manene, ndivyo vibanzi vyake vinavyoua walio ndani. Abushiri akaponyoka, boma likachomwa.

Baada ya hapo ni orodha ya bandari: Saadani Juni, Pangani na Tanga Julai. Kila mahali mtindo ni uleule. Meli inapiga kwanza, mashua zinashusha askari, mji unatekwa, kisha kwa siku chache linajengwa jengo dogo la mawe lenye matundu ya kupigia, la kukaliwa na askari kadhaa, na jeshi linaendelea. Mnara wa Dunda pale Bagamoyo ni wa mwaka huohuo. Ukiutazama leo unaonekana kichekesho kwa udogo, lakini ndio uliomruhusu kuondoka na askari wengi bila kuupoteza mji.

Abushiri alikimbilia bara na kukiangamiza kituo cha Mpwapwa, na Wissmann akaandamana huko mwezi Septemba. Wakati huohuo Abushiri alikuwa amewaleta wapiganaji wa kutoka kusini, walioitwa Mafiti, kushuka nao pwani nyuma ya Wissmann. Gravenreuth, ofisa wa Wissmann, akawazuia huko Yombo mwezi Oktoba. Mafiti waliharibu vijiji vya watu ambao Abushiri alihitaji wamfiche, na kuanzia siku hiyo alikuwa mgeni nchini kwake. Dau la kichwa chake likamaliza kazi: jumbe Magaya akamkamata, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa Pangani. Bwana Heri alipigana kwa akili zaidi. Alijenga boma, akalitetea, akalihama, akajenga jingine ndani zaidi, hadi njaa ilipowabana watu wake. Akasalimu amri Aprili 1890, na hakunyongwa. Wissmann alimpa msamaha arudi Saadani, jambo lililowakera baadhi ya Wajerumani. Aliyepita Saadani mwaka 1882 alijua kwamba bila Bwana Heri hapana msafara upitao Uzigua. Mei ikaja zamu ya kusini: Kilwa, Lindi, Mikindani.

Katikati ya yote haya, tarehe 4 Desemba 1889, msafiri Stanley alifika Bagamoyo na Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudani, aliyemtoa huko. Wissmann akawaandalia karamu ya usiku. Emin, mwenye macho mabovu, alitoka ukumbini wa ghorofani, akaudhania ukuta mfupi kuwa si kitu, akaanguka barabarani. Alilala hospitalini wiki nyingi, na alipopona akachagua kuwatumikia Wajerumani, Stanley akaondoka amenuna.

Februari 1891 Wissmann alipanda Kilimanjaro kumpiga Mangi Sina wa Kibosho. Hakupanda peke yake. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, alikuwa na ugomvi wake wa zamani na Kibosho na akatoa watu wake. Ngome ya Sina ilikuwa na kuta za mawe, na mapigano yalikuwa makali kuliko mengi ya pwani. Kibosho ilipoanguka, Rindi ndiye aliyepumua.

Na suala la utumwa, lililotoa zile marki milioni 2? Misafara ya watumwa ilibanwa, hilo ni kweli. Utumwa wenyewe haukufutwa, si na Wissmann wala na waliomfuata. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta kabisa ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mabwana wa mashamba walikuwa walipa kodi na marafiki wa serikali, na serikali haikutaka kuwaudhi.

Fedha ndizo zilizomgeuka Wissmann. Zile milioni 2 hazikutosha, na bunge liliombwa nyongeza zaidi ya mara moja. Hilo lingeweza kusamehewa kama hesabu zingekuja. Lakini katika msafara, mkuu hulipa kwa jora, kwa rupia au kwa ahadi, anaandika kwenye daftari akikumbuka, na mwisho wa safari huulizwa kitu kimoja tu, kama amefika. Ofisi ya Berlin ilitaka risiti. Rupia zilizolipwa majasusi, posho ya wake wa Wasudani, zawadi kwa majumbe, kodi ya madau, vyote vilitakiwa viwe na stakabadhi na saini. Alipewa utukufu wa ukoo Juni 1890, na tangu hapo akaandikwa von Wissmann, lakini Januari 1891 serikali ilipoitwaa pwani rasmi kutoka kwa kampuni, kiti cha gavana wa kwanza alipewa Julius von Soden, mtu wa makaratasi. Jeshi la Wissmann likabadilishwa jina na kuwa jeshi la kifalme. Mkuu wake mpya alikuwa Zelewski, yule Nyundo wa Pangani.

Ndipo ikaonekana tofauti ya kuujua msafara na kutoujua. Agosti 1891 Zelewski alipita Lugalo katika nchi ya Wahehe akiwa na kikosi kirefu katika mstari mmoja ndani ya vichaka, bila wapelelezi wa kutosha mbele, na mizinga yake imefungwa kama mizigo. Wahehe walitoka pembeni kwa mikuki, na kwa dakika chache jeshi likaisha. Wajerumani 10 walikufa pamoja na askari wengi, Zelewski miongoni mwao, na bunduki zapata 300 zikaenda Kalenga kwa Mkwawa. Sidai kwamba Wissmann angemshinda Mkwawa. Nadai tu kwamba asingepita kichakani kwa mstari mmoja na Maxim imefungwa.

Yeye wakati huo alikuwa na ndoto ya meli. Kamati ya kupinga utumwa ya Ujerumani ilikuwa imechanga fedha kwa bahati nasibu ili ipelekwe meli ya moshi Ziwa Viktoria. Shida ni kwamba meli hujengwa kwa vipande, na vipande havilingani. Bamba la chuma linaweza kukatwa liwe mzigo wa mtu mmoja au wawili. Boila haikatwi. Kuiburuta kutoka Bagamoyo hadi ziwani, mamia ya kilomita bila barabara, kungekula miaka na fedha zote. Wissmann akaigeuzia meli Nyasa, kwa njia aliyoijua: Zambezi, kisha Shire, halafu kuyazunguka maporomoko kwa nchi kavu kupitia nyanda za Blantyre, na kuiunganisha juu yake. Hata hapo kipande hicho cha nchi kavu kilimtoa jasho. Mwaka 1893 meli ilikuwa majini, ikiwa na jina lake mwenyewe, na ufukweni kaskazini akaanzisha kituo cha Langenburg, jina la mfanyabiashara wa Cologne, Eugen Langen. Mwaka uliofuata akamwoa binti yake Hedwig. Naye Hedwig alipata meli yake baadaye, Ziwa Tanganyika.

Aprili 1895 hatimaye akawa gavana. Kiti alichokikuta Dar es Salaam hakikuwa kile alichokitamani. Mtangulizi wake, von Schele, alikuwa gavana na mkuu wa jeshi kwa pamoja. Kwa Wissmann kazi hizo zilitenganishwa: jeshi lilikuwa chini ya Lothar von Trotha, yuleyule ambaye miaka tisa baadaye angewaangamiza Waherero wa Namibia ya leo. Gavana akabaki na forodha, mahakama, barua za Berlin, na pumu. Afya yake ilikuwa imeharibika, na mofini aliyoizoea kama dawa haikuwa imemsaidia.

Tendo moja la ugavana wake linakumbukwa Kilwa Kivinje. Hassan bin Omari Makunganya alikuwa ameushambulia mji huo Septemba 1894. Alikamatwa Novemba 1895, na barua zilizopatikana zikawaunganisha naye baadhi ya watu wa mjini. Yeye na wenzake walinyongwa kwenye mwembe, na mahali hapo pakaitwa Mwembe Kinyonga. Tendo la pili liko kwenye ramani mpaka leo. Tarehe 7 Mei 1896 alitoa amri ya kulinda wanyamapori, iliyodai kibali cha kuwinda na kutenga maeneo mawili, moja upande wa Rufiji, jingine magharibi mwa Kilimanjaro. Yeye mwenyewe alikuwa mwindaji mkubwa, na aliona ndovu wanakwisha. Lakini mwenye kuumia na kibali hakuwa mwindaji wa Kizungu mwenye pesa. Alikuwa mwanakijiji wa Rufiji ambaye nguruwe na kiboko walikuwa shambani mwake. Ugomvi wa pori la akiba na kijiji, ambao Mtanzania hahitaji kuelezwa, una karatasi yake ya kwanza hapo.

Mwaka huohuo 1896 alirudi Ujerumani mgonjwa, na Desemba Eduard von Liebert akachukua kiti. Wissmann akawa mtu wa hotuba na jumuiya ya jiografia. Mwaka 1900 alikuwa katika ujumbe wa Ujerumani kwenye mkutano wa London uliotoa mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Alinunua shamba Weißenbach, Austria, na tarehe 15 Juni 1905 bunduki yake ya kuwindia ikamuua. Maelezo rasmi yalikuwa ajali. Mwezi uliofuata Wamatumbi, nyuma ya Kilwa, waling'oa pamba, na Maji Maji ikaanza.

Meli zake hazikuishi vizuri. Agosti 1914 ile ya Nyasa ilikuwa imepandishwa kutengenezwa huko Liuli, nahodha wake hana habari kwamba kuna vita, wakati Kapteni Rhoades wa Kiingereza, mtu waliyezoeana, alipokuja na kuipiga. Ile ya Hedwig ilizamishwa Tanganyika Februari 1916.

Sanamu yake ilizinduliwa Dar es Salaam mwaka 1909: Wissmann wa shaba juu, na chini yake askari Mwafrika anamtazama huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Kijerumani. Waingereza waliichukua hadi London, Wajerumani wakaidai, na mwaka 1922 ikasimama mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi waliiangusha 1967. Ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968, na safari hii wakubwa wa mji wakaiweka stoo.

Berlin, mtaani Neukölln, kulikuwa na Wissmannstraße. Tangu Aprili 2021 kibao kinasomeka Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck, mwanasiasa wa TANU na naibu waziri, alizaliwa mwaka 1934 Njoro, Moshi. Kibosho ni jirani tu, hapo mlimani.